Kizuri Chajiuza? Jibu kwa Walimu Wanaodharau Metadata

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hiyo niliisikia ikinenwa kwa sauti ya ushindi katika mkutano mmoja wa walimu wa Kiswahili hapa Uganda, na aliyeinena alipigiwa makofi. Jambo lililokuwa likijadiliwa lilikuwa dogo kwa umbo: je, walimu wanaotia masomo yao katika tovuti ya chama chao watakiwe pia kuandika metadata ya kila ukurasa, yaani kichwa chake, maelezo yake mafupi na alama ya lugha yake? Mzee wetu mmoja tunayemheshimu sana alisimama akasema kwamba kazi ya mwalimu ni kuandika somo zuri; hayo mengine ni mambo ya mafundi na wachuuzi. Akafunga kwa methali hiyo, na hoja ikafa papo hapo.

Siku ile sikupata nafasi ya kujibu. Najibu sasa, kwa heshima zote anazostahili mzee wetu, lakini bila ya kumung'unya maneno.

Nianze na methali yenyewe, maana imetumiwa mahali pasipo pake. Kizuri chajiuza, naam, lakini chajiuza kikiwa kimetandazwa mkekani mchana kweupe, mnunuzi akakiona, akakinusa, akakigusa. Embe tamu lililofunikwa gunia halijiuzi. Na yule mwanafunzi anayetafuta somo kwa simu yake haoni somo. Anachokiona kwanza ni orodha iliyopangwa na mtambo wa utafutaji: kichwa cha ukurasa katika mstari mmoja, na chini yake mistari miwili mitatu ya maelezo. Hapo ndipo anapoamua aingie kwa nani na ampite nani. Somo likiwa zuri namna gani, uzuri wake hauonekani kabla mlango haujafunguliwa, na jina lililoandikwa mlangoni ndilo metadata.

Baada ya mkutano nilikaa usiku mmoja nikapitia kurasa za tovuti yetu, si kwa kuyasoma masomo, bali kwa kuangalia vichwa ambavyo kivinjari huvionyesha juu ya dirisha na ambavyo mitambo ya utafutaji huvisoma. Nilistaajabu. Karibu kurasa zote zilikuwa na kichwa kimoja, neno la Kiingereza "Home", likifuatwa na kifupi cha jina la chama. Somo la nahau liliitwa "Home". Somo la viambishi awali liliitwa "Home". Uchambuzi wa riwaya, ambao mwenzetu mmoja aliuhangaikia likizo nzima, nao pia "Home". Majalada yaliyopakiwa hali yao ilikuwa mbaya zaidi: moja lilijitambulisha kwa jina "Microsoft Word - notes final 2", kwa kuwa ndivyo programu ilivyoliandika lilipogeuzwa kuwa PDF na hakuna aliyejali kulisahihisha. Mengine yalikuwa picha tupu za karatasi zilizopitishwa kwenye skana, hayana hata herufi moja ambayo mtambo ungeweza kuitambua kwa wepesi, na majina yao ni tarakimu.

Mnaona, walimu wenzangu? Tunamfundisha mtoto wa sekondari kwamba insha isiyo na kichwa hupunguziwa alama. Tunamwambia kwamba kichwa cha habari kioane na habari yenyewe. Kisha sisi tunaitangazia dunia masomo thelathini yenye kichwa kimoja, tena kwa lugha isiyokuwa ya somo.

Juma lililofuata nilimwona mwanafunzi wa Senior Two akitafuta tofauti kati ya methali na nahau. Aliandika swali lake kwa Kiswahili safi, na mtambo ukampa orodha ndefu. Ukurasa alioufungua ulikuwa umetafsiriwa na mashine, ungeweza kuutambua kwa sentensi zake zilizokwenda kisigino mbele, na ulichanganya methali na nahau kana kwamba ni kitu kimoja. Aliunakili wote. Somo la mwenzetu juu ya jambo hilohilo, ambalo kwa maoni yangu ni miongoni mwa yaliyo bora kabisa, halikutokea katika orodha aliyoipata. Sisemi kwamba kichwa peke yake ndicho kilichomnyima mtoto yule somo. Mitambo ya utafutaji hupima mambo mengi: maneno yaliyomo ndani ya ukurasa, kurasa nyingine zinazouelekeza msomaji huko, wepesi wa ukurasa kufunguka, na mengineyo. Lakini katika hayo yote, kichwa ni miongoni mwa machache yaliyo mikononi mwetu moja kwa moja, tena bila gharama ya shilingi moja. Kukiacha kitupu ni uzembe, na uzembe haugeuki kuwa unyenyekevu kwa kufunikwa na methali.

Sasa niligeukie lile dai la kwamba haya ni mambo ya mafundi. Dai hili linatokana na kutojua historia. Mwezi wa Machi mwaka 1995, watu walikutana katika mji wa Dublin, jimbo la Ohio huko Marekani, kutafuta namna ya kuvitambulisha vitu vilivyokuwa vikiongezeka kwa kasi katika intaneti. Mkutano huo ulihusisha shirika la wakutubi liitwalo OCLC, nao ndio ulioanzisha utaratibu unaojulikana hadi leo kwa jina la mji ule, Dublin Core, ambao baadaye ulitulia kwenye vipengele 15: kichwa, mtungaji, mada, maelezo, tarehe, lugha na vinginevyo. Baadhi ya vipengele hivyo ni vile vile vilivyokuwa katika kadi za maktaba tulizokuwa tukizipekua katika masanduku yale ya mbao yenye droo ndefu. Nani aliyekuwa akisema kwamba kadi ya maktaba ni kazi ya seremala kwa sababu tu sanduku lilichongwa na seremala?

Wala hatuhitaji kwenda Ohio kujifunza adabu hii. Mwana Kupona alipotunga utenzi wake, hakuacha wajao wabahatishe wakati wake. Aliutia mwaka wa utungo ndani ya utungo wenyewe, 1275 wa Hijria, na kwa sababu hiyo tunaweza leo kusema kwamba ni karibu na mwaka 1858. Watungaji wengi wa tenzi walikuwa na desturi ya kutaja majina yao na tarehe zao mwishoni mwa kazi. Walijua kwamba karatasi husafiri mbali na mwenyewe, na kwamba ikifika ugenini lazima iweze kujibu: wewe ni nani, wa nani, wa lini? Kazi ngapi za Kiswahili zimepotelewa na wenyewe kwa kukosa mistari miwili ya namna hiyo!

Fundi ana kazi yake, na ni kazi ya heshima: kuweka nafasi ambamo maneno yataandikwa. Kuyaandika maneno si kazi yake. Nilimwuliza kijana aliyeijenga tovuti yetu kwa nini maelezo ya ukurasa wa mbele yalikuwa ya Kiingereza. Akanijibu kwa unyofu kwamba hakuna aliyempa maneno ya Kiswahili, naye akaogopa kukosea. Basi kosa ni la nani? Walimu wa Kiswahili wamekusanyika chini ya paa moja, na maneno ya kuwatambulisha ikabidi yatungwe na mtu aliyekiri kwamba hana uhakika na Kiswahili chake.

Jambo la alama ya lugha nitalieleza kwa kirefu kidogo, kwa kuwa linatuhusu kuliko mtu mwingine yeyote. Kila ukurasa unaweza kutaja, kwa herufi mbili, umeandikwa kwa lugha gani. Alama ya Kiswahili katika orodha ya kimataifa ya ISO 639 ni "sw". Tovuti nyingi hujengwa kwa violezo vilivyotengenezwa mbali, ambavyo huja vikiwa tayari vimeandikwa "en", yaani Kiingereza, na wenyewe huviacha hivyo. Wengine hujaribu kurekebisha kwa kubahatisha. Nimekuta ukurasa uliowekewa "ki", mwandishi akidhani ni kifupi cha Kiswahili. Kumbe "ki" ni alama ya Kikuyu! Ukiandika "sv" umetangaza Kiswidi. Wenzetu wa Rwanda wana "rw" ya Kinyarwanda, wa Burundi wana "rn" ya Kirundi, na Luganda ni "lg". Kila lugha ina kiti chake, na aliye na kiti chake hana haja ya kukalia cha jirani. Zaidi ya hapo, orodha pana zaidi ina "swc" kwa ajili ya Kiswahili cha Kongo, jambo ambalo wengi wetu tungependa kulijadili siku moja, lakini si leo.

Atakayepinga atasema: Google wenyewe wameeleza kwamba ili kujua lugha ya ukurasa wao hutazama maandishi yanayoonekana, hawaitegemei alama hiyo. Ni kweli, wala sitaki kushinda mjadala kwa kuficha kweli. Lakini mtambo wa utafutaji si msomaji wetu wa pekee. Yuko mwanafunzi asiyeona, anayetumia programu ya kumsomea skrini kwa sauti. Programu kama NVDA, ambayo hupatikana bure, huja na sauti za eSpeak NG, na Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake. Programu hiyo huiangalia alama ya lugha ili kuchagua sauti ya kusomea. Ukurasa wenye alama ya "en" unaweza kumsomea mtoto huyo shairi la Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza kuanzia beti la kwanza hadi la mwisho. Jaribuni kusikiliza. Mimi nilisikiliza dakika mbili nikazima, lakini mtoto yule hana la kuzima, maana hilo ndilo somo lake.

Nije sasa kwenye nusu ya pili ya methali, kibaya chajitembeza, ambapo mimi na mzee wetu tu upande mmoja. Wapo vijana katika chama chetu ambao, mara tu nilipotaja metadata, walikunjua mikono ya mashati wakitaka kujaza kila ukurasa orodha ya maneno mia: Kiswahili, Swahili, jifunze Kiswahili, mwalimu bora wa Kiswahili, mitihani, majibu, bure, bure, bure. Huo ndio ujitembezaji uliolaaniwa. Tena ni ujitembezaji uliokwisha kufilisika. Katika miaka ya 1990, enzi za mitambo kama AltaVista, palikuwa na sehemu maalumu ya metadata ya kuandika maneno ya msingi, na watu waliitumia vibaya kupita kiasi. Wengine wakaandika hata maneno meupe juu ya karatasi nyeupe ili mtambo uyaone na msomaji asiyaone. Matokeo yake ni kwamba mwezi wa Septemba mwaka 2009 Google walitangaza hadharani kwamba sehemu hiyo ya maneno ya msingi hawaitumii kabisa katika kupanga matokeo yao. Kwa hiyo, ndugu vijana, jasho mnalotaka kulitoa ni la bure kama neno lenu.

Maelezo mafupi nayo yasitukuzwe kuliko kiasi. Hayaupandishi ukurasa ngazi katika orodha, na mara nyingine mtambo huyaweka kando ukachota sentensi kutoka ndani ya somo. Hata vichwa, Google wamekuwa wakivibadilisha mara kwa mara wanapoona havifai. Lakini linganisheni. Kichwa kilichoandikwa vizuri kina nafasi kubwa ya kuachwa kama kilivyo; kilichoandikwa "Home" kinaalika kubadilishwa, na atakayekibadilisha si mwalimu wa Kiswahili.

Lakini hoja yangu kuu, ambayo naiona ndiyo inayowafunga walimu wote kazini, ni hii: Kiswahili chenyewe hakiwezi kutambulishwa vizuri na mtu asiyekijua. Nomino zetu nyingi hubadilika mbele, si nyuma. Mmoja ataandika "methali", na hilo ni rahisi kwa kuwa umoja na wingi ni sawa. Lakini mmoja ataandika "kitenzi" na mwingine "vitenzi". Mmoja "shairi" na mwingine "mashairi". Mmoja "mwalimu" na mwingine "walimu". Mtambo uliolelewa kwa lugha zinazobadilisha mwisho wa neno si wa kutegemewa kwamba daima utatambua kuwa hao ni ndugu wa tumbo moja. Mwalimu mwangalifu atataja umbo moja katika kichwa na jingine katika maelezo, katika sentensi ya kawaida inayosomeka, bila kujitembeza hata kidogo.

Na istilahi je? Sisi wa nchi jirani tunakula katika sahani mbili. Wanafunzi wetu hutumia vitabu kutoka Kenya na vitabu kutoka Tanzania, na mara nyingi hawajui kwamba jina la kitu limebadilika walipobadilisha kitabu. Aliyesoma kitabu kimoja atatafuta "tamathali za semi", aliyesoma kingine atatafuta "tamathali za usemi" au "fani za lugha". Huyu amefundishwa "ngeli ya KI-VI", yule amefika chuo akaambiwa "ngeli ya 7 na ya 8". Mwalimu anaweza kuandika somo refu, la kweli na la kina juu ya ngeli ya 7 na ya 8, na mtoto anayetafuta KI-VI akalipita karibu kabisa bila kuonana nalo, kama wasafiri wawili waliopishana usiku. Nani anajua kwamba majina hayo mawili ni ya kitu kimoja? Fundi hajui. Mashine pengine itajua siku moja, lakini itakuwa imejifunza kutoka kwa kurasa ambazo mtu aliandika majina yote mawili pamoja. Mtu huyo ni mwalimu, na kama si mwalimu basi hayupo.

Tena mwanafunzi haulizi kwa lugha ya mwalimu. Sisi husema "upatanisho wa kisarufi". Yeye huandika "mifano ya sentensi za ngeli". Sisi husema "uakifishaji", naye huandika "mahali pa kuweka mkato". Mwalimu aliyesahihisha madaftari miaka kumi anajua kabisa wanafunzi wake huulizaje. Ana hazina ambayo hakuna mchuuzi wa tovuti aliye nayo, na hazina hiyo yatosha kuitia katika maelezo ya sentensi mbili. Dakika kumi kwa kila somo. Nimezipima.

Wengine wataniuliza kwa nini nalivalia njuga jambo la dakika kumi. Nalivalia njuga kwa sababu ya wakati tulio nao. Kiswahili kilitajwa katika Katiba ya Uganda kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005. Miaka 17 ikapita, na mwezi wa Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Rwanda ilikifanya rasmi mwaka 2017. Walimu hawatoshi, hilo halihitaji takwimu, kila mmoja wetu analibeba mabegani. Mtoto aliyeko shule isiyo na mwalimu wa Kiswahili, akipata simu ya mzazi jioni kwa nusu saa, atauliza simu. Na simu itamjibu, hilo msiwe na shaka nalo. Haitamwambia kwamba walimu hawako. Itampa kilichoko mbele. Tukikaa na masomo yetu gizani tukijipongeza kwamba sisi hatujitembezi, kibaya hakitatungoja. Kimekwisha toka asubuhi na mapema, kimevaa, kina jina kifuani, na kinabisha hodi.

Mimi nimeanza. Kwa idhini ya mwenzetu mwandishi, somo lake sasa linaitwa "Tofauti kati ya methali na nahau: maana, matumizi na mifano", na chini yake maelezo yasema kwamba ni somo la wanafunzi wa sekondari, lenye mifano ya nahau na misemo ya kila siku na mazoezi ya kujipima. Ukurasa wa ngeli unataja KI-VI na unataja ya 7 na ya 8. Alama ya "en" imeng'olewa, "sw" imekaa mahali pake.

Limebaki jalada moja linalonisumbua. Ni maelezo ya bahari za ushairi, kurasa zaidi ya ishirini zilizoandikwa kwa mkono mzuri wa zamani, pamoja na mifano ya mtiririko, ukara na ukaraguni ambayo sijaiona katika kitabu chochote. Lilipitishwa kwenye skana na mtu fulani, likapakiwa chini ya jina "scan0003", bila jina la mtungaji wala mwaka. Mwandiko ule naujua. Ni wa mzee wetu aliyetupa ile methali. Jumamosi ijayo nitakwenda kwake na kompyuta yangu, nimsalimu shikamoo, nimwombe anitajie kazi ile aliipa jina gani na aliiandika mwaka gani.